Logi ya miamala ikijaa, ikipotea au ikigoma kurejeshwa: dalili, sababu na tiba

Hifadhidata huandika kila badiliko kwenye logi kwanza, kisha hulihamishia kwenye faili za data kwa wakati wake. Karani wa bohari pale Shimanzi, Mombasa, akihifadhi ankara na kuona risiti imetoka, kilichohakikishwa kufika kwenye diski dakika hiyo ni maandishi ya logi tu. Ndiyo maana faili za data zikiharibika huku logi na bakapu ya juzi zipo, kazi yote inarudi hadi muamala wa mwisho. Logi ikiharibika, hata faili za data zinazoonekana nzima haziaminiki, kwa sababu huenda zimeshika nusu ya muamala.

Logi hulindwa kwa njia mbili, na kila moja ina kazi yake. Kuakisi ni kuandika logi ileile kwenye diski mbili kwa wakati mmoja, na kunakinga dhidi ya diski kufa. Bakapu ni kuitoa logi nje ya seva kila baada ya muda, na kunakinga dhidi ya mkono wa mtu, programu za kudai fidia (ransomware), moto, wizi na maji. Mtu akifuta jedwali la ankara kwa bahati mbaya, nakala pacha zote mbili zitalifuta papo hapo. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanatoka kwenye ofisi zilizo na ulinzi mmoja zikidhani zina yote mawili.

Maelezo haya yanahusu programu tatu za hifadhidata: SQL Server, PostgreSQL na Oracle. Kabla ya kugusa chochote:

- Usifute faili kwa mkono ndani ya folda ya logi, hata diski ikiwa imejaa kabisa.
- Usiwashe na kuzima seva mara kwa mara ukitumaini itapona. Kila kuwashwa huanzisha urejeshaji upya.
- Kabla ya amri yoyote ya kukarabati, simamisha huduma na unakili faili zote, za data na za logi, kwenye diski nyingine.

Dalili ya kwanza: programu inasoma lakini haihifadhi, na diski imejaa

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, hasa mwisho wa mwezi.

*SQL Server, kosa 9002.* Usibahatishe. Seva yenyewe inajua kwa nini logi haijisafishi, nayo itakuambia:

`SELECT name, recovery_model_desc, log_reuse_wait_desc FROM sys.databases;`

Jibu likiwa `LOG_BACKUP`, umepata sababu ya kawaida zaidi: hifadhidata iko katika hali ya `FULL` (inayotunza logi yote mpaka ichukuliwe bakapu) lakini hakuna anayechukua bakapu ya logi. Wengi huchukua bakapu kamili kila usiku wakaamini kazi imekwisha. Bakapu kamili haipunguzi logi hata kidogo. Katika hali ya `FULL`, ni bakapu ya logi peke yake inayoachia nafasi itumike tena. Ichukue sasa, ukiielekeza kwenye diski nyingine (hapa `Mauzo` ni jina la hifadhidata ya mfano):

`BACKUP LOG Mauzo TO DISK = N'E:\bakapu\Mauzo_dharura.trn' WITH CHECKSUM;`

Kama nafasi haijaachiwa baada ya mara moja, rudia kwa jina jingine la faili. Sehemu ya logi iliyokuwa ikitumika huwa imesogea kufikia bakapu ya pili. Ukipata kosa 4214, maana yake hifadhidata haijawahi kuwa na bakapu kamili ya kuanzia, basi anza na hiyo. Nafasi ikishaachiwa, punguza faili mara moja tu hadi kiasi kinachotosha kazi ya kawaida, kwa mfano `DBCC SHRINKFILE (Mauzo_log, 4096)`, ambayo ni megabaiti 4,096. Kuipunguza kila siku ni kazi bure: itakua tena, na kila ikikua watumiaji wanasubiri. Weka ukuaji wake uwe wa kiasi maalumu, mathalani megabaiti 256, badala ya asilimia.

Kisha ratiba. Hapa maduka mengi ya jumla na maduka ya dawa hukwama, kwa sababu yanatumia toleo la Express, ambalo halina SQL Server Agent, kiendesha kazi za ratiba. Tumia Task Scheduler ya Windows, iendeshe kila dakika 15:

`sqlcmd -S .\SQLEXPRESS -E -b -i C:\kazi\logi.sql`

Ndani ya `logi.sql` weka jina la faili linalobeba tarehe na saa, ili bakapu moja isiingie juu ya nyingine:

`DECLARE @f nvarchar(200) = N'E:\bakapu\Mauzo_' + FORMAT(GETDATE(),'yyyyMMdd_HHmm') + N'.trn'; BACKUP LOG Mauzo TO DISK = @f WITH CHECKSUM;`

Hiyo `-b` usiiache. Bila yake, amri ikishindwa Task Scheduler bado huonyesha kwamba kila kitu kilikwenda sawa, na utagundua siku unayoihitaji bakapu.

Jibu likiwa `ACTIVE_TRANSACTION`, kuna muamala ulioachwa wazi. `DBCC OPENTRAN` itakuonyesha ulio mkongwe zaidi. Mara nyingi ni ripoti kubwa ya mwisho wa mwezi, au dirisha ambalo mtu aliliacha akaenda kula. Mpigie simu mwenyewe kwanza. Ukilazimika kutumia `KILL`, seva itaanza kurudisha nyuma kila kilichofanywa, na kazi iliyochukua saa mbili yaweza kuhitaji muda kama huo au zaidi kurudishwa. Usizime seva katikati. Ikiwaka bado italazimika kuimaliza kazi hiyo ya kurudisha.

Jibu likiwa `DATABASE_MIRRORING`, `AVAILABILITY_REPLICA` au `REPLICATION`, seva ya upande wa pili haipokei. Logi inasubiri kutumwa, kwa hiyo bakapu za logi hazitaipunguza mpaka upande ule urudi au uondolewe kwenye mpango.

Kubadilisha hali kuwa `SIMPLE` ili logi ijisafishe ni ushauri unaotolewa haraka sana. Unafanya kazi, lakini unakata mnyororo wa bakapu za logi dakika hiyohiyo. Ukishafanya hivyo, rudisha `FULL` na uchukue bakapu kamili au ya tofauti (differential, inayobeba mabadiliko ya tangu bakapu kamili ya mwisho tu) papo hapo. Kabla ya hiyo, urejeshaji wa dakika yoyote unayotaka haupo tena.

*PostgreSQL, folda ya `pg_wal` imejaa.* Hiyo ndiyo folda ya logi. Ikijaa kabisa seva husimama kwa ujumbe wa `PANIC` na hukataa kuwaka. Angalia kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, uhifadhi wa logi unashindwa? `SELECT failed_count, last_failed_wal, last_failed_time FROM pg_stat_archiver;` Kama `last_failed_time` ni ya sasa hivi, tatizo ni `archive_command` (amri inayonakili logi kwenda kwenye hifadhi), na mara nyingi sana ni NAS, yaani diski ya mtandao wa ofisi, iliyokatika. PostgreSQL haitafuta kipande cha logi ambacho hakijathibitishwa kufika, na ina haki.

Kuna hitilafu inayofanana na hii lakini ni mbaya zaidi, kwa kuwa iko kimya. Umeme ukikatika na kurudi, seva huwaka kabla ya NAS, hivyo `/mnt/nas` inabaki folda tupu ya kawaida. Amri ya `cp` inanakili logi humo bila kulalamika, yaani kwenye diski ileile ya seva. Takwimu zinaonyesha mafanikio, diski inajaa pole pole, na nje ya seva hakuna kitu. Ifanye amri ikague kwanza:

`archive_command = 'mountpoint -q /mnt/nas && test ! -f /mnt/nas/wal/%f && cp %p /mnt/nas/wal/%f'`

Nayo ina udhaifu wake: umeme ukipotea katikati ya kunakili, kipande pungufu hubaki kwenye NAS, na `test` itakikataa kila mara kwa sababu jina lipo. Kipande kizima cha kawaida kina baiti 16,777,216. Kilicho pungufu kihamishie pembeni, usikifute, na uache seva ikitume upya. Kwa hifadhidata inayobeba fedha za watu, programu za bakapu kama pgBackRest au Barman ni chaguo bora kuliko amri ya mstari mmoja.

Pili, je, kuna sloti ya kurudufia iliyotelekezwa? Sloti huilazimisha seva kutunza logi mpaka seva pacha, yaani seva ya pili inayopokea nakala, iichukue.

`SELECT slot_name, active, pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) FROM pg_replication_slots;`

Sloti yenye `active` ya `f` na gigabaiti nyingi nyuma yake ni ya seva iliyozimwa na kusahauliwa. Hakikisha haina mwenyewe, kisha `SELECT pg_drop_replication_slot('jina');`. Kuanzia toleo la 13 unaweza kuweka kikomo kwa `max_slot_wal_keep_size`, ukikubali kwamba seva pacha itakayobaki nyuma kupita kikomo italazimika kujengwa upya.

Seva ikiwa tayari imesimama, ongeza nafasi kwenye diski, au seva ikiwa imezimwa hamishia folda nzima ya `pg_wal` kwenye diski nyingine na uweke kiungo cha ishara (symlink) mahali pake. Wasimamizi waangalifu huweka pia faili lisilo na kazi la gigabaiti 1 kwenye diski hiyo. Siku ya kukwama hulifuta lile, na seva hupata pumzi ya kuwaka.

*Oracle, ORA-00257.* Eneo la urejeshaji, ambamo Oracle huweka logi zilizohifadhiwa, limejaa. Pandisha kikomo kama diski ina nafasi (`ALTER SYSTEM SET db_recovery_file_dest_size = 100G SCOPE=BOTH;`), kisha ndani ya RMAN, zana ya bakapu ya Oracle: `BACKUP ARCHIVELOG ALL DELETE INPUT;`, ukielekeza bakapu nje ya eneo hilo. Kama kuna aliyefuta faili kwa `rm`, Oracle bado inazihesabu. Tumia `CROSSCHECK ARCHIVELOG ALL;` na `DELETE EXPIRED ARCHIVELOG ALL;`, halafu uchukue bakapu kamili mpya, kwa sababu mnyororo umekatika.

Dalili ya pili: nakala pacha moja imekufa

Oracle peke yake kati ya hizi tatu huakisi logi yenyewe: kila kundi la logi huwa na wanachama wawili au zaidi, na mmoja akibaki hai kazi inaendelea. Uzuri huo ndio hatari yake, kwani mwanachama anaweza kufa mwezi mzima bila mtu kujua. Kila wiki endesha `SELECT group#, status, member FROM v$logfile;` na utafute `INVALID`. Mwanachama aliyeongezwa sasa hivi pia huonyesha `INVALID` mpaka kundi lake litumike, basi badilisha logi mara chache kwa `ALTER SYSTEM SWITCH LOGFILE;` kabla ya kuingiwa na wasiwasi.

Kama ni kifo cha kweli, hakikisha kundi lake si `CURRENT` wala `ACTIVE` katika `v$log`, kisha:

`ALTER DATABASE DROP LOGFILE MEMBER '/u02/logi/redo01b.log';`
`ALTER DATABASE ADD LOGFILE MEMBER '/u03/logi/redo01b.log' TO GROUP 1;`

SQL Server na PostgreSQL hutegemea RAID 1 (diski mbili zinazoandikwa sawasawa) chini yake au seva pacha. Kuongeza faili la pili la logi katika SQL Server si kuakisi: linatumika la kwanza likijaa, halibebi nakala.

Kosa la mpangilio linalojirudia kila mahali ni pacha mbili kukaa `D:` na `E:` ambazo ni vipande viwili vya diski moja. Ikifa, zinakufa zote.

Kwa diski zenyewe, soma `smartctl -a`, inayoorodhesha hali ya afya ya diski kwa namba. Namba 5 na 197 zikipanda, diski inakufa. Nunua nyingine leo. Namba 199 ikipanda peke yake, shuku waya na kiunganishi kabla ya diski. Hapa Mombasa hilo lina uzito: hewa ya chumvi na unyevu hula viunganishi, na chumba cha seva kinachofunguliwa madirisha usiku ili kuokoa umeme wa kiyoyozi hulipia baadaye. Zima, chomoa, badilisha waya, washa, kisha tazama kama namba imesimama.

Kabla ya kuchomoa diski ya RAID, linganisha namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye lebo na ile ya programu. Kuchomoa diski nzima na kuiacha mbovu kumemaliza hifadhidata nyingi. Chukua bakapu kabla ya kuanza kujenga upya pia, maana ujenzi huisoma diski iliyobaki kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama zilinunuliwa siku moja, umri wao ni mmoja.

Simama na umwite mtaalamu ikiwa diski zote mbili zinaonyesha makosa, au ikiwa kundi lililopotea lote katika Oracle ni `CURRENT`. Amri ya `CLEAR UNARCHIVED LOGFILE` usiijaribu kwa kuisoma mahali tu.

Dalili ya tatu: bakapu zipo, lakini hazirejeshi

Bakapu za logi ni mnyororo. Kila moja huanzia ilipoishia iliyotangulia. SQL Server ikitoa kosa 4305, kuna pete imekosekana katikati. Sababu ya kawaida ni ratiba mbili zisizojuana: yako, na ile iliyowekwa na aliyeuza programu, ikitupa faili zake kwenye folda nyingine au flashi ya mtu. Historia iko kwenye seva yenyewe:

`SELECT s.backup_start_date, s.first_lsn, s.last_lsn, f.physical_device_name FROM msdb.dbo.backupset s JOIN msdb.dbo.backupmediafamily f ON s.media_set_id = f.media_set_id WHERE s.database_name = 'Mauzo' AND s.type = 'L' ORDER BY s.first_lsn;`

Safu ya mwisho itakuonyesha pete iliyopotea ilipelekwa wapi. Ipate, na urejeshaji utaendelea. Isipopatikana, utarejesha hadi kabla yake tu, isipokuwa kama kuna bakapu kamili au ya tofauti iliyochukuliwa baada ya pengo. Asiye kwenye ratiba anayetaka nakala ya logi aichukue kwa `COPY_ONLY`. Bakapu kamili ya ziada, kinyume na wengi wanavyoamini, haikati mnyororo wa logi. Inachovuruga ni bakapu za tofauti.

Katika PostgreSQL tafuta namba iliyorukwa kwenye folda ya hifadhi, na uhakikishe bakapu ya msingi ni ya kabla ya vipande unavyotaka kuvipitisha. Katika Oracle, `RESTORE DATABASE VALIDATE;` na `RESTORE ARCHIVELOG ALL VALIDATE;` husoma bakapu bila kuandika chochote.

`RESTORE VERIFYONLY` inasema faili linasomeka, haisemi data iliyo ndani ni nzima. Mara moja kwa mwezi rejesha kwenye kompyuta nyingine, bakapu kamili pamoja na logi zote zilizofuata, endesha `DBCC CHECKDB` ikague uzima wa data, kisha mwambie mhasibu alinganishe jumla ya siku moja. Hakuna ukaguzi mwingine unaoweza kuchukua nafasi ya huo.

Dalili ya nne: umeme umerudi, hifadhidata haiwaki

Subiri kwanza. Baada ya kuzimika ghafla, urejeshaji waweza kuchukua muda mrefu, na SQL Server huandika asilimia iliyofikia ndani ya `ERRORLOG`. Kama asilimia inasogea, iache.

`RECOVERY PENDING` mara nyingi ni jambo dogo: diski ya logi haijaonekana, herufi yake imebadilika, au akaunti ya huduma imepoteza ruhusa. Linganisha njia zilizo katika `sys.master_files` na faili zilizopo, rekebisha, kisha `ALTER DATABASE Mauzo SET ONLINE;`.

`SUSPECT` ni jambo kubwa. Kama faili la logi linasomeka, jambo la kwanza ni kuokoa mkia wake, yaani miamala iliyoingia baada ya bakapu ya mwisho:

`BACKUP LOG Mauzo TO DISK = N'E:\bakapu\Mauzo_mkia.trn' WITH NO_TRUNCATE, CHECKSUM;`

Baada ya hapo rejesha kutoka kwenye bakapu, ukimalizia na mkia huo. Usiitenganishe hifadhidata iliyo `SUSPECT` kwa `detach`. Huenda isikubali kuunganishwa tena.

Chanzo cha ndani huwa ni kashe ya kuandikia. Diski au kadi ya RAID isiyo na betri inajibu kwamba imeandika wakati data ingali kwenye kumbukumbu, na umeme ukikatika ahadi hiyo inapotea. Zima kashe hiyo kama kadi haina betri au betri imechoka, nunua SSD zenye kinga ya umeme kukatika, na uunganishe UPS na seva kwa waya wa USB ili izime yenyewe. UPS isiyozungumza na seva inaahirisha tu kuzimika.

`REPAIR_ALLOW_DATA_LOSS` na `pg_resetwal` hufungua mlango kwa kutupa data. Ukifika hapo, simama. Hizo ni za mtaalamu, juu ya nakala, baada ya bakapu zote kushindwa.

Dalili ya tano: nakala ya mbali inachelewa, au kila kitu kimeganda

Kama PostgreSQL imeganda kwenye `COMMIT` (amri ya kukamilisha muamala) bila kosa lolote, angalia `synchronous_standby_names`. Ukiwa na seva pacha moja ya lazima na mtandao wake ukikatika, seva kuu itasubiri bila kikomo. Kwa dharura iache wazi na uendeshe `SELECT pg_reload_conf();`. Kwa kudumu weka pacha mbili na `ANY 1 (nyali, nairobi)`.

Kwa bakapu zinazochelewa, piga hesabu. `archive_timeout = 300`, yaani kufunga kipande cha logi kila sekunde 300 hata kama hakijajaa, kwenye seva yenye shughuli mchana na usiku huzalisha angalau vipande 288 kwa siku, yaani takriban gigabaiti 4.8. Kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde hiyo ni kama saa mbili za kutuma, nayo `gzip` hupunguza sana vipande ambavyo havikujaa. Nyaya za baharini za SEACOM, TEAMS na EASSy zinatua hapahapa Mombasa, lakini kinachokwamisha ofisi ni kipande cha mwisho kati ya mtoa huduma na jengo. Laini ya pili ya kampuni nyingine husaidia kuliko kuongeza kasi ya ile ya kwanza.

Ofisi ikiwa kisiwani, nakala moja ikae bara, iwe Nyali, Mtwapa au Nairobi, na nyingine kwenye diski inayochomolewa baada ya kuandikwa, kwa sababu programu ya kudai fidia husimba (hufunga kwa ufunguo wa siri) kila inachokifikia. Nakala hiyo isimbe wewe mwenyewe kabla ya kuitoa ofisini. Logi ina majina na namba za simu za wateja sawasawa na hifadhidata, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ujue kwamba data hiyo imevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe.

Mtaalamu akiwa njiani

Acha seva kama ilivyo, au izime kama diski inatoa sauti ya kugonga. Andaa toleo la hifadhidata, ujumbe kamili wa kosa na saa ulipoanza, faili la `ERRORLOG` au la arifa, orodha ya bakapu zote na mahali zilipo, na kila amri iliyokwisha kuendeshwa, pamoja na zile zilizoshindwa. Sitisha pia kazi zinazofuta bakapu za zamani kwa ratiba, maana usiku wa leo zinaweza kufuta ile moja iliyo nzima.